Kontena Tupu la Mtwara na Nchi Inayoelemea Upande Mmoja

Mwaka 2002, nilipokuwa nakuja Dar es Salaam kuanza masomo ya chuo kikuu, Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa. Basi letu kutoka Masasi lilifika Ndundu, ukingoni mwa Mto Rufiji, jua likizama, na kivuko kilikuwa kimesimama. Tukalala pale mpaka asubuhi, tukila samaki wa kukaanga na kuliwa na mbu. Kati ya abiria alikuwapo mzee mmoja aliyesafirisha magunia mawili ya korosho zilizobanguliwa kwa mkono. Alitueleza kwamba safari ile ameifanya kwa miaka mingi kwa kuwa mnunuzi wake yuko Kariakoo. Nikamwuliza, kwa ujuaji wa kijana aliyefaulu mitihani, kwa nini mnunuzi asimfuate yeye Masasi. Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu," alisema, "akija kwangu atanunua korosho, basi. Mimi nikienda kwake nauza korosho, nanunua bati, nanunua nyavu za mwanangu, namwona daktari wa macho, ndipo narudi. Sasa nani amfuate mwenzake?"

Tangu usiku ule nimesoma nadharia nyingi kuhusu jambo hilo hilo, na baadhi yake nazifundisha. Alfred Marshall alilichambua mwaka 1890, alipojiuliza kwa nini mafundi wa aina moja hukaa mtaa mmoja. Gunnar Myrdal alilirudia mwaka 1957 kwa jicho la nchi maskini, akionya kwamba eneo lililotangulia hufyonza watu, mitaji na vipaji vya maeneo yaliyobaki nyuma. Paul Krugman aliliandikia hesabu zake mwaka 1991, na kazi hiyo ni sehemu ya yaliyompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Lakini kiini cha yote ni kile alichokisema mzee wa Ndundu: shughuli za uchumi huenda pale zilipo shughuli nyingine. Soko kubwa humvuta mzalishaji. Mzalishaji humvuta mfanyakazi. Mfanyakazi akishalipwa huwa mlaji. Na mlaji hulikuza soko. Gurudumu likishashika mwendo halihitaji tena sababu iliyolisukuma mwanzo.

Ninaandika haya kwa sababu mjadala wetu kuhusu mgawanyo wa maendeleo kati ya mikoa umegawanyika katika kambi mbili, na zote mbili zinatupotosha. Kambi moja inaamini kwamba Dar es Salaam imependelewa na kwamba wapo watu waliokaa mahali fulani wakakubaliana kuinyima mikoa mingine. Kambi ya pili inaamini kwamba hayo ni maumbile ya uchumi, kama mvua na kiangazi, na anayelalamika hajui hesabu. Kambi ya kwanza haielezi kwa nini hata serikali zilizodhamiria kwa dhati kusambaza viwanda zilishindwa. Kambi ya pili haielezi kwa nini gurudumu hilo, kila linapotaka kupunguza mwendo, hupata mkono wa Serikali wa kulisukuma tena.

Tuanze na picha yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na kati yao 5,383,728 walikuwa Dar es Salaam, mkoa ambao eneo lake halifiki hata asilimia moja ya ardhi ya Taifa. Kuna msomaji atakayesema mambo yanabadilika, maana kati ya mwaka 2012 na 2022 Dar es Salaam ilikua kwa takriban asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa Taifa wa asilimia 3.2. Ni kweli, na nimewasikia maofisa wakiitaja takwimu hiyo kwa furaha. Ila watazame mkoa jirani. Pwani iliruka kutoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2.02 katika miaka hiyo hiyo 10. Jiji limefurika na kuvuka mpaka wake wa kiutawala. Limehamia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na kule ndiko viwanda vipya vinakojengwa, umbali wa saa moja au mbili kutoka bandarini. Mipaka ya mikoa ilichorwa na wanasiasa. Uchumi hauitambui.

Anayetaka kuona nguvu ya mrundikano ikifanya kazi asiende maktaba. Aende Gerezani atafute kipuri cha gari la zamani. Duka la kwanza halina. Mwenye duka hakuachi uondoke. Anamtuma kijana mbio hadi duka la nne, kipuri kinapatikana, na fundi wa kukifunga amekaa kwenye ndoo hatua kumi kutoka hapo. Mtu mwenye duka la aina hiyo Nachingwea angelazimika kuweka akiba ya kila kipuri, na mtaji wake ungelala rafuni. Gerezani hakuna mwenye kila kitu, lakini mtaa mzima una kila kitu. Ndivyo ilivyo kwa mafundi samani wa Keko na wauza simu wa Mtaa wa Aggrey. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, biashara ya mitaa inayolizunguka iliendelea, na wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Lilongwe na Moroni waliendelea kuja, kwa sababu kilichowavuta si jengo.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaodhani kwamba mrundikano ni uovu. Una faida halisi, na faida hizo ni za kila mtu anayenunua bidhaa nafuu. Ninachohoji ni jinsi tulivyofika hapa na nani analipa gharama.

Dar es Salaam haikuwa lazima iwe hivi. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huo miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870 ulikuwa karibu kutelekezwa. Wajerumani waliuokoa walipohamishia hapo makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka 1905 reli ya kati ilianza kujengwa kutoka hapo kwenda bara, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kuanzia siku hiyo kila gunia la Tabora na kila bidhaa ya Kigoma ilikuwa na mlango mmoja. Kusini hakukuwa na reli wala mji mkuu; kulikuwa na watu, na watu hao walichukuliwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Reli ilipokuja hatimaye, ililetwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. Mradi ulikufa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikabaki, ikiutazama mkoa usio na njia ya kuilisha. Kisha, tangu 1964 hadi 1974, vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaugeuza ukanda wote wa Ruvuma kuwa mstari wa mbele. Hatukujuta kuwapokea wapiganaji wa FRELIMO, na hatupaswi kujuta. Lakini heshima ile ilikuwa na gharama, na gharama iliwaangukia zaidi watu wa kusini.

Mwalimu na wenzake waliliona tatizo. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1969 uliteua miji 9 ya kukuzia viwanda nje ya Dar es Salaam, Mtwara ikiwamo. Viwanda vikapelekwa: nguo Mwanza, mbolea Tanga, karatasi Mgololo, viatu Morogoro. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi kwa soko la Ulaya, na hakikuwahi hata kukaribia sehemu ya kumi ya lengo hilo. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilitegemea malighafi za kuagiza nje. Tulipeleka majengo na mashine. Wauza vipuri, mafundi wa kukaa kwenye ndoo, benki ya jirani na mnunuzi wa pili na wa tatu hawakupelekwa, kwa kuwa watu wa namna hiyo hawapelekwi kwa waraka.

Kuna kejeli nyingine ambayo wanafunzi wangu hucheka wanapoisikia. Mwaka 1972, katikati ya juhudi hizo za kuikuza mikoa, tulifuta serikali za mitaa. Sera ile iliitwa Madaraka Mikoani, ilhali iliondoa mabaraza yaliyochaguliwa na kuweka mahali pake maofisa wa Serikali Kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Yaani katika muongo ule ule tulijenga viwanda mikoani na kuvunja taasisi za mikoa ambazo zingeweza kuvisemea, kusafisha maji ya mji, kukarabati barabara ya kwenda kiwandani na kumwajibisha meneja. Halmashauri zilirejea kikamilifu mwaka 1984, zikiwa maskini, na hazijawahi kupona.

Haki itendeke pia. Sera moja ya zama zile ilifanikiwa kuhamisha uzalishaji, nayo ni bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ruvuma au Rukwa alilipwa sawa na yule aliye karibu na soko, na matokeo yake Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la Taifa. Gharama ya usafiri ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, likazama kwenye madeni, na sera ikaachwa miaka ya 1980. Wachumi wenzangu huitaja kama mfano wa ujinga. Mimi huiona kama ushahidi kwamba umbali si hukumu ya milele. Ni gharama, na swali ni nani anailipa, kwa muda gani, na ili apate nini.

Sasa niingie kwenye korosho, kwa kuwa hapo ndipo somo lote limejificha.

Punje ya korosho ni takriban robo tu ya uzito wa korosho ghafi, na pengine pungufu. Iliyobaki ni ganda. Ukifuata kanuni za kale za mahali pa kujenga kiwanda, jibu liko wazi: bangua pale pale inapovunwa, usisafirishe maganda kuvuka bahari. Lakini kwa miongo kadhaa sehemu kubwa mno ya korosho yetu imesafirishwa ghafi kwenda India na, miaka ya karibuni, Vietnam. Miaka ya 1970 tulijenga viwanda 12 vya kubangua. Kwa bahati mbaya vilikamilika wakati zao linaporomoka: kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, baada ya wakulima kuhamishwa vijijini mbali na mikorosho yao na bei kuwavunja moyo. Viwanda vilibaki bila kazi. Vilipobinafsishwa, vingi viligeuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi ile ile iliyotakiwa kubanguliwa ndani yake.

Zao lilifufuka, na msimu wa 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 300,000. Viwanda havikufufuka pamoja nalo. Kwa nini? Wengi husema ni wizi wa walanguzi. Jibu langu ni la kuchosha zaidi. Mvuno wetu huja Oktoba hadi Januari. Mvuno wa Afrika Magharibi huja miezi inayofuata. Mbanguaji wa Vietnam au wa Kollam kule Kerala hununua kwetu, akimaliza hununua Ivory Coast, na mashine zake hazisimami mwaka mzima. Mbanguaji wa Newala, akitaka kufanya kazi miezi 12, lazima anunue akiba ya mwaka mzima ndani ya miezi michache, mnadani, akishindana na wanunuzi wakubwa, kwa fedha aliyoikopa kwa riba ya benki zetu. Mashine yake ikiharibika, fundi yuko mbali. Kule Kollam watu wamebangua korosho kwa vizazi kadhaa; ujuzi huo, kama alivyosema Marshall, umo hewani. Hivi ndivyo eneo lisilokuwa na mkorosho wa kutosha linavyolishinda eneo lenye mikorosho.

Tena, mji wetu wenyewe nao huingia kati. Kwa misimu kadhaa korosho ya Mtwara na Lindi ilipakiwa kwenye malori, ikasafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, ndipo ikaingia melini, huku bandari ya Mtwara, iliyopanuliwa kwa fedha nyingi, ikisubiri. Wanasiasa waliona hujuma. Muulize wakala yeyote wa meli atakwambia habari ya kontena tupu. Makontena huja nchini yamejaa vitenge, simu, matairi na vigae, na hushushwa pale walipo wanunuzi wa bidhaa hizo, yaani Dar es Salaam. Yakishafunguliwa hubaki matupu huko huko, nayo ni rahisi kupatikana. Mtwara hainunui bidhaa za kutosha kujaza makontena yanayoingia. Hivyo, ili kusafirisha korosho, meli lazima ilete makontena matupu kutoka mbali, na anayelipia safari ya hewa iliyomo ndani ni mnunuzi, ambaye naye huipunguza katika bei anayoitoa mnadani. Mkulima wa Tandahimba, ambaye hajawahi kuona meli, analipia kontena tupu.

Serikali imejibu kwa kuagiza korosho yote ipite Mtwara. Nauelewa msukumo huo na sitaupinga. Lakini amri huielekeza korosho, haimwelekezi mwenye meli. Kinachoweza kumleta mwenye meli ni mzigo wa kuingia. Wakulima wa korosho hutumia salfa inayoagizwa nje. Ruvuma na Njombe hutumia mbolea inayoagizwa nje. Kama mizigo hiyo ingeshushwa Mtwara kwa mpango wa kudumu wa manunuzi, badala ya kungoja uamuzi wa kila msimu, makontena yangekuja yamejaa na kuondoka yamejaa. Makaa ya mawe ya Ruvuma tayari yameonyesha kwamba bandari ile ikipewa mzigo hufanya kazi. Jambo hili halihitaji itikadi. Linahitaji ofisa wa manunuzi, afisa wa bandari na mwenye ramani wakae meza moja.

Gesi asilia ni sura ya pili ya hadithi ile ile, na yenye maumivu zaidi. Tunakumbuka ghasia za Mtwara za Januari na Mei 2013, watu waliopoteza maisha, nyumba zilizochomwa na wanajeshi mitaani. Wananchi walikataa bomba la kwenda Dar es Salaam wakisema gesi haitoki. Wataalamu waliwajibu kwamba rasilimali ni ya Taifa na kwamba mitambo ya umeme lazima iwe karibu na watumiaji. Kitaalamu walikuwa na hoja: gesi hufuata walaji, na walaji wako Dar es Salaam. Lakini itazame hoja hiyo kwa macho ya mtu wa Msimbati. Mji hauna walaji kwa kuwa hauna viwanda. Hauna viwanda kwa kuwa hauna umeme wa uhakika. Na umeme unapopatikana chini ya miguu yake unapelekwa kwenye mji wenye walaji. Kila uamuzi ukipimwa peke yake una busara. Ukiyapanga maamuzi hayo kwa mstari kuanzia mwaka 1891, yanafanana na hukumu. Sijawahi kuona katika nyaraka zetu za miradi mahali ambapo mpimaji anaulizwa: uamuzi huu utazidisha au utapunguza uzito wa upande ulioelemewa? Tunapima faida ya mradi kwa Taifa zima, na Taifa zima, kwa hesabu hizo, hukaa Dar es Salaam.

Nitaulizwa: je, Dodoma? Uamuzi wa mwaka 1973 hatimaye umetekelezwa. Serikali ilianza kuhamia huko mwaka 2016, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha watumishi Dar es Salaam kwa saa chache. (Baadhi yenu mnaosoma haya mpo ndani ya treni hiyo Ijumaa jioni, kwa sababu familia hazikuhama.) Dodoma imekua, na ni vyema. Ila tusiuchanganye uhamisho wa mafaili na uhamisho wa uchumi. Brazil ilihamia Brasília mwaka 1960 na São Paulo ikaendelea kutawala viwanda. Nigeria ilihamia Abuja mwaka 1991 na Lagos haikutikisika. Aidha, kilichohamia Dodoma ni uamuzi ule ule uliorundikana, umebadilisha anwani tu. Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Newala, kibali alichokifuata Dar es Salaam sasa anakifuata Dodoma, na njia anayopita ni Dar es Salaam.

Wapo wachumi, na Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 2009 iliwapa nguvu, wanaosema tuache kupigana na mrundikano; tuwasaidie watu wahame, tuwape elimu na afya popote walipo, na mji utafanya mengine. Kuna ukweli mwingi hapo, na mimi mwenyewe ni mhamiaji niliyenufaika. Ila mkorosho hauhami. Wala mji wenyewe haujaonyesha ukarimu unaohubiriwa: mwaka 2021 wamachinga waliondolewa katika barabara walizokuwa wakipatia riziki. Anayeshauri vijana wa kusini waje mjini aeleze pia watapanga wapi meza zao.

Kwa maoni yangu, jambo ambalo hatujawahi kulijaribu kwa moyo mmoja ni kuiachia mikoa mapato na uamuzi kwa wakati mmoja. Wakenya, ambao mwaka 1965 waliamua waziwazi kuwekeza zaidi katika maeneo yenye ardhi nzuri na miundombinu, wakaja kuilipia sera ile kwa chuki za miongo mingi, waliandika katika Katiba ya mwaka 2010 kwamba kaunti 47 zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya Taifa. Nairobi haikupungua. Wakenya wenyewe hutania kwamba hata ufisadi umegatuliwa. Lakini fedha za kaunti zinalindwa na Katiba, na gavana ana mahali pa kusimama anapodai.

Sisi tumekwenda upande mwingine. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitoka halmashauri ukaenda TRA. Mwaka 2018 likatokea jambo ambalo watu wa kusini hawajalisahau. Sheria ilikuwa inatenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje kwa ajili ya kuendeleza zao hilo: pembejeo, utafiti na ubanguaji. Ulikuwa ushuru uliobuniwa kutatua tatizo nililolieleza hapo juu, maana huwatoza wanaosafirisha maganda ili kumwezesha anayetaka kubangua. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa sauti ambayo haikuwa kawaida ndani ya chama chao, na hawakufua dafu. Katika miaka iliyofuata Serikali imegawa pembejeo za ruzuku, nami naipongeza. Lakini ruzuku hutolewa na hurudishwa kwa hiari ya mtoaji. Hakuna mbanguaji atakayekopa kwa ajili ya mashine ya miaka 15 akitegemea hiari.

Nayasema haya sasa kwa sababu meza imeandaliwa tena. Kongani ya kubangua korosho inajengwa Maranje, mkoani Mtwara, na mradi wa kusindika gesi kimiminika wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja na ipo siku utaanza. Kongani itakuwa majengo mengine ya mwaka 1969 ikiwa mbanguaji hatapata mkopo wa msimu wa kununulia akiba, kwa riba inayobebeka, na kinga ya muda dhidi ya mnunuzi wa mnadani anayekopa nje kwa bei rahisi. Na kuhusu Likong'o, swali la kuuliza leo ni dogo kuliko yale yanayotangazwa: zabuni za chakula, ulinzi, ukarabati na usafiri zitafunguliwa katika ofisi ya mji gani? Zikifunguliwa Masaki, watakaozipata ni waliopo Masaki, na Lindi itabaki na taa za mtambo zinazoonekana usiku.

Binamu yangu yuko Newala na wenzake 11, wote wanawake, wanabangua korosho kwa mkono na kuziuza zikiwa zimekaangwa. Mwaka jana walisubiri miezi saba barua kutoka ofisi moja ambayo tawi lake la karibu halikuwa na mamlaka ya kusaini. Barua ilipotoka, ikabidi wapate mifuko yenye nembo, na mifuko hiyo hakuna anayeichapa Newala, Masasi wala Mtwara. Mchapaji wa Kariakoo hakubali oda ndogo, hivyo walichanga wakanunua mifuko 2,000, ikaja kwa basi. Imeisha. Juzi amenipigia simu akiniomba nimwahi mchapaji kabla msimu haujaanza. Nitakwenda Jumamosi.